Nywele za Kumngoja Amini

Simu ya kunijulisha kwamba mama amefariki ilinikuta Mwanza, nikichambua mchele. Aliyepiga alikuwa binamu yangu wa Dar, na baada ya kulia sote wawili kiasi cha kutosha, akakohoa na kuuliza jambo ambalo naamini ndilo alilotumwa kuuliza: "Dada Haika, samahani sana, lakini wazee wanataka kujua. Safari hii utanyoa?" Sikukasirika. Mimi ni bibi sasa, nina wajukuu wanaonivuta miwani, lakini kwetu Mwika watu bado wananitambulisha kwa nywele. Yule Haika aliyegoma. Yule aliyewaweka wazazi wake msibani tangu kipupwe hadi Krismasi. Nilimjibu kwamba tutaongea nikifika, nikarudi kwenye ungo wangu, na baada ya muda nikagundua kuwa nilikuwa natupa mchele na kubakiza mawe.

Wasiotoka kwetu nitawaeleza kwa kifupi, maana bila hilo mambo mengine yataonekana kama ukaidi mtupu wa mtoto. Kwetu mtu akifa, siku chache baada ya maziko wafiwa hunyolewa nywele, na hapo ndipo tanga huisha. Mama aliyefiwa akishanyolewa anaweza kurudi sokoni, baba anaweza kuketi na wenzake kwenye pombe ya mbege, na nyumba inarudi kuwa nyumba. Lakini mmoja wa wafiwa asiponyoa, tanga linabaki wazi kwa wote. Hata kama ni mtoto. Hata kama ni binti wa miaka kumi na sita ambaye hakuna aliyewahi kumwuliza neno katika kikao cha ukoo.

Mwaka ule nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha nne, na kichwa changu kilikuwa kama yai, kwa sababu shule zetu zilitunyoa miaka yote minne. Kaka yangu Amini, Aminieli kwa jina la ubatizo, ndiye aliyekuwa akinisuka nilipokuwa mdogo. Mama alishinda sokoni Kiboriloni akiuza ndizi, na mtoto wa kike hawezi kwenda shule ya Jumapili na kichwa kama kichaka, basi Amini alijifunza mwenyewe kusuka kwa uzi. Alikaa kwenye kigoda jikoni, mimi nikakaa chini katikati ya magoti yake, akatafuna muwa huku akivuta uzi mpaka macho yangu yakapanda juu. Vijana wenzake walimcheka sana. Aliwaambia, "Chekeni tu. Wake zenu watakuja kupanga foleni hapa." Asubuhi ya kuondoka kwenda Mererani kuchimba madini, mara tu baada ya mwaka mpya, tulikula kiburu cha jana kilichopashwa moto, ndizi na maharage vilivyoshikana hadi vikakatika kwa kisu, na chai ya maziwa. Amini alinipapasa kile kichwa cheupe akasema, "Sasa shule imekwisha. Usimruhusu mtu akiguse tena. Krismasi nikirudi nizikute zimefika mabegani, nikusuke mwenyewe. Zisipofika, narudi zangu machimboni." Mama, aliyekuwa akifunika masufuria, alimwambia bila kugeuka, "Wewe rudi na miguu miwili. Nywele tutaziona." Tukacheka. Nayaandika haya na ninausikia moshi wa jiko lile.

Masika ilipochanganya, tuliletewa habari na kijana aliyeitwa Godlisten, aliyekuwa akichimba na Amini. Alisimama mlangoni mwa sebule amelowa, anaangalia vitambaa vya kushona alivyovitandika mama kwenye viti, hataki kukaa asije akavichafua. Mama alimlazimisha kukaa na kumpa bakuli la mtori wa ndizi, na kwa kuwa hakujua jinsi ya kukataa chakula cha mama wa rafiki yake, aliusema msiba huku anakula. Maji ya mvua yalikuwa yameingia shimoni. Waliokuwa chini wengine walitolewa, wengine hawakutolewa, na sehemu ile ya shimo ilikuwa imefukiwa na udongo. Jina la Amini lilikuwa kwenye zamu ya siku ile. Baba aliuliza mara mbili kama amemwona akishuka, na mara zote mbili Godlisten akaangalia mtori. "Baba, kusema ukweli sikumwona. Siku zile alikuwa amegombana na mkubwa wa zamu. Alikuwa anasema ataachana na kazi hii aende upande wa Kenya."

"Kwa hiyo hakushuka," nikadakia.

"Sijasema hivyo, dada."

"Lakini hukumwona."

"Sikumwona."

Neno hilo moja ndilo lililonilisha mwaka ule wote. Wengine wote pale sebuleni walisikia kwamba Amini amekufa. Mimi nilisikia kwamba hakuna aliyemwona akishuka. Baba alikwenda Mererani, akazunguka mochwari za Arusha na za Moshi mjini, akarudi na viatu vyenye matope hadi kwenye kamba na hakuna kingine. Mama aliendelea kupakua sahani ya Amini kila jioni, akaifunika kwa sahani nyingine na kuiweka karibu na mafiga, na asubuhi akampa mbwa. Mimi na yeye hatukuwahi kuongea juu ya sahani ile. Niliamini kwamba tupo upande mmoja, na kwa imani hiyo niliweza kulala. Nywele zangu zilikuwa zimeanza kushikika. Kila Jumapili kabla ya kanisa nilijifunga nyuzi ili ziwe ndefu, nikazivuta hadi shingoni nione zimefika wapi, na nilipoona zimeongezeka nilifurahi kama mtu aliyesikia hatua za mgeni uani. Sikuwa na wazimu. Nilijua kwamba nywele hazimrudishi mtu. Lakini ahadi ilikuwa na pande mbili, na mimi upande wangu nilikuwa nautimiza.

Ukaja msimu wa baridi, ule ukungu wa Mwika unaoingia hadi kitandani, na mambo yakaanza kuharibika mfululizo. Ng'ombe wetu aliharibu mimba. Baba, ambaye hakuwahi kuumwa hata mafua, alianguka kwenye migomba na zahanati wakasema ni presha. Halafu shangazi Foibe, dada mkubwa wa baba na mtu aliyezijua mila zetu kuliko mzee yeyote wa kiume, akaota Amini amesimama nje ya nyumba anatetemeka, anaomba blanketi. Alikuja kuisimulia ndoto hiyo asubuhi, amesimama jikoni na kikombe cha chai ambacho hakukinywa. "Mtoto yuko nje kwenye baridi," alisema. "Hajazikwa. Mnangoja nini?" Kikao cha ukoo kikakaa sebuleni kwetu, na mimi nikahudumia chai ili nisikie. Baba alikuwa mzee wa kanisa na mchungaji alikuwa amemwambia waziwazi kwamba kanisa haliziki mti badala ya mtu. Wazee wakasema mchungaji aje na mwili basi. Baba akasema, "Tumzike."

Kwetu, mtu ambaye mwili wake haukupatikana, huzikwa mgomba mahali pake. Walikata mgomba mmoja kutoka nyuma ya zizi, wakaulaza uani juu ya majani, na kukawa na ubishi wa urefu. Mmoja akasema Amini alikuwa kama hapa, mwingine akasema hapana, zaidi. Basi baba akalala chini. Mzee wa kanisa, mtu wa suti siku za Jumapili, alijilaza kwenye majani yenye umande kando ya ule mgomba, akanyoosha miguu, akasema, "Alikuwa amenipita kidogo. Ongezeni." Kijana mwenye panga akakata akiwa amegeuza uso. Kisha wakamtuma mama akalete nguo. Mama akaleta shati kuukuu la kazini lenye kiraka begani. Shangazi Foibe alinong'ona, lakini ni mnong'ono ambao kila mtu alisikia, "Mama Amini, mbona lile jeupe la kipaimara lipo?" Mama akajibu, "Utomvu wa mgomba hautoki kwenye nguo." Watu wakatazamana. Wapo waliosema baadaye kwamba mama alimnyima mwanawe shati la kuzikiwa, na mimi mwenyewe nilipata aibu. Jioni ile hakupakua sahani ya Amini. Nilisubiri. Nilikaa jikoni nikimwangalia akiosha mwiko, akiosha sufuria, akipindua bakuli, na ile sahani ikabaki kwenye rafu pamoja na nyingine. Hapo nilijua nimebaki peke yangu.

Siku ya kunyoa walianza na baba, uani, juu ya kigoda kilekile cha Amini. Mama aliomba anyolewe chumbani, mlango ukiwa umefungwa, akisema anaona aibu mbele ya wageni, na shangazi Foibe akaingia naye na beseni. Alipotoka alikuwa amejifunga kitambaa cheusi hadi kwenye nyusi. Wakaniita. Nilikuwa tayari nimepanda darini, pale juu ya jiko tulipoivishia ndizi, na nimevuta ngazi nyuma yangu. Shangazi Foibe alisimama chini na wembe wake. "Haika, teremka, mama. Watu wanataka kurudi makwao."

"Waende, shangazi. Sijawazuia."

"Unajua vizuri kwamba hawawezi kwenda."

"Basi wakae. Krismasi tutakuwa wote."

Ndivyo nilivyo, hata leo: nikiogopa sana huwa mjeuri. Nilikaa darini siku nzima kati ya ndizi na moshi, macho yananichuruzika, na nilipoteremka wageni walikuwa wamechoka kungoja, wameondoka na minong'ono yao, na nyumba yetu ilikuwa imeachwa na tanga lililo wazi.

Hapo ndipo biashara ya nywele ilipoanza. Sina neno jingine. Baba, ambaye angeweza kunishika kwa nguvu na hakuna ambaye angemlaumu, hakuwa mtu wa kushika mtoto kwa nguvu. Alikuwa mtu wa mnada wa ng'ombe, na alijaribu kuelewana nami kama anavyoelewana na muuzaji mgumu. Asubuhi juu ya uji alianza, "Haika, tufanye hivi. Usinyoe upara. Punguza tu, zibaki hapa," akaonyesha pingili ya kidole. Nikasema hapana. Kesho yake pingili zikawa mbili. Wiki iliyofuata alikuja na wazo alilokuwa ameliwaza, nililiona usoni pake, akiwa shambani peke yake: "Basi nusu. Kata nusu, shangazi yako nitamtuliza mimi." Nikamuuliza, "Nikikata nusu, baba, Amini atakuwa amekufa nusu?" Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, kicheko kimoja kifupi, kisha akaweka kijiko chini na kufunika uso wake kwa viganja vyote viwili. Sikuwa nimewahi kumwona baba akilia. Uji ulipoa, mimi nikabaki nimeshika ukingo wa meza, na ningetoa kichwa kizima wakati ule kama angekiomba, lakini alisimama akatoka. Tulipokuja kukubaliana hatimaye ilikuwa hivi: waningoje hadi Krismasi, siku aliyosema Amini mwenyewe. Asipokuja, tutaongea tena. "Tutaongea," nilisema. Sikusema nitanyoa.

Bei ya makubaliano yale waliilipa wao, si mimi. Mama hakuruhusiwa kwenda Kiboriloni, maana mama mwenye tanga nyumbani haketi sokoni, na ndizi zetu zikaivia shambani na kuliwa na ndege au zikachukuliwa na walanguzi waliojua kwamba hatuna la kufanya. Baba hakualikwa popote. Jirani mwenye harusi alipita mbele ya nyumba yetu akiangalia upande wa pili. Tulikula ndizi za kuchemsha na chumvi, kisha ndizi za kuchemsha bila chumvi, sote watatu tumekaa jikoni, kichwa cha baba kinaanza kuota mvi fupifupi, kichwa cha mama kwenye kitambaa, na mimi na nyuzi zangu zimesimama kama miiba. Kila tonge nililomeza lilikuwa na lawama ambayo hakuna aliyeisema. Nilitamani waniseme. Alasiri moja, nikiwa nyuma ya jiko nakata majani ya ng'ombe, niliwasikia kupitia mbao za ukuta. "Yule mtoto ataniua, Mama Amini," baba alisema, bila hasira, kama mtu anayesema mvua itanyesha. "Wewe ukimwambia, atakubali. Ongea naye." Nilishika mundu nikangoja mama ajibu. Nilitaka aseme kwamba mtoto huyo yuko sahihi. Nilitaka aseme hata neno moja. Mama akasema, "Krismasi si mbali." Nilichukia sauti yake ile ya kutojali. Nilikaa pale chini kwenye majani nikalia hadi ng'ombe akaanza kulalamika.

Krismasi kwetu kila Mchagga anarudi nyumbani. Barabara ya Mwika ilijaa magari ya Dar na ya Nairobi, kila kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba, kikatoa moshi, watu wakaitana kutoka kilima hadi kilima. Mimi nilisimama njia panda tangu watu walipoanza kuteremka kwenye mabasi, nimefungua nyuzi, nimechana nywele zangu na zimefika mabegani. Zilikuwa zimefika. Nataka hilo lijulikane. Kila kijana mrefu aliyeteremka akiwa amenipa mgongo nilimpenda kwa muda wa kugeuka kwake. Wamama waliopita waliniita nikale kwao, kisha wakakumbuka kwamba siwezi kuingia kwao. Mkesha ulipita. Sikukuu yenyewe ikapita, kengele ya kanisa ikalia na sisi hatukwenda. Nilisimama hadi hapakuwa na basi, kisha nikarudi nyumbani. Nilimwambia Mungu maneno ambayo sitayaandika hapa.

Siku ya pili ya Krismasi mama alinikuta jikoni. Alikuwa ameshika jani la sale.

Kwa yule asiyejua: sale ni ule mmea wa majani marefu ya kijani tunaoupanda kwenye mipaka na makaburini. Mtu aliyekosana na mwenzake, akimwendea na jani hilo mkononi, anayeombwa hawezi kukataa. Hata kama alichinjiwa mtoto. Anayelikataa sale anajilaani mwenyewe na kizazi chake. Lakini mdogo ndiye humletea mkubwa, mkosaji ndiye humletea aliyekosewa. Sijawahi kusikia, kabla ya siku ile wala baada yake, mama aliyemletea mwanawe wa kumzaa. Mama alipiga magoti kwenye majivu, mbele yangu, akalinyoosha lile jani kwa mikono miwili.

"Mama, inuka," nilisema. "Mama, usinifanyie hivi. Inuka!"

"Siinuki mpaka ulipokee."

"Mnipige. Mwiteni baba anipige. Lakini siyo hivi, mama."

"Lipokee, mwanangu. Nimekuja kwako. Sina mtu mwingine wa kumwendea."

Nililipokea. Ningefanya nini? Hakunipa nafasi ya kuwa mjeuri. Aliinuka, akapangusa magoti, akachukua mkasi na wembe alivyokuwa amevificha kwenye mkunjo wa kanga, akaniketisha kwenye kigoda na kunyoa mwenyewe, bila shangazi Foibe, bila mtu. Nilikuwa nikilia kwa sauti na yeye hakulia. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo, na huo mkono usiotetemeka ndio niliobeba moyoni kwa miaka yote iliyofuata. Alikusanya nywele zangu moja moja kutoka sakafuni, akazifunga kwenye kipande cha kitenge. Alipomaliza alinipangusa kichwa kwa kiganja chenye mafuta na kusema maneno mawili tu: "Sasa nenda."

Nikaenda. Nilipata nafasi ya chuo cha ualimu Mwanza, na mwezi wa pili nilikuwa kwenye treni. Niliolewa hukohuko, nikazaa hukohuko. Nilirudi kila Krismasi kama watu wote, nikamletea mama vitenge na dagaa, tukaongea vizuri, lakini kulikuwa na kitu kati yetu kama ukuta wa mbao: unasikia upande wa pili, huingii. Baba alifariki, mama akanyolewa tena chumbani na shangazi Foibe, nami nikanyoa bila kubishana na mtu, ingawa hilo halikulifuta jina langu la kugoma. Mama hakuruhusu mtu amsuke tena, wala mimi, wala wajukuu waliomwendea na vitana. Alisema nywele zake zimeisha, amekuwa mzee. Majirani wote waliendelea kumwita Mama Amini, na aliitika vizuri tu kila mara, na mimi nilishangaa jinsi anavyoweza kuitika.

Basi nilifika Moshi safari hii, na shangazi Foibe alikuwa amekaa nje ya mochwari kwenye benchi, mwanamke mzee kabisa sasa, amekunjamana, na fimbo. Nilimwamkia, "Shikamoo shangazi." Aliitikia akanishika kiwiko. Wanawake wengine wa ukoo walisimama ili waingie nasi kumwosha na kumvisha mama, akawazuia kwa fimbo. "Mimi na mtoto wake tunatosha." Ndani alimfungua mama kitambaa. Nywele zake zilikuwa fupi, nyeupe, zimenyolewa karibu. Lakini shangazi alipomgeuza kichwa taratibu, nikaona pale kisogoni msuko mmoja mwembamba, umekunjwa mara nyingi na kubanwa kwa pini. Shangazi alitoa pini. Msuko ukafunguka. Ulikuwa mweupe kwa juu, kisha wa kijivu, na ncha yake, iliyofika chini ya mabega ya mama, ilikuwa nyeusi.

Nilishika ile ncha nyeusi, na nilijua ni ya mwaka gani.

"Siku ile mle chumbani," shangazi Foibe akasema, "nilipofika kisogoni aliushika mkono wangu. Akaniambia, 'Wifi, hapo ruka.' Nikamwambia, Mama Amini, hili si jambo la mchezo, tanga halitaisha. Akasema, 'Lisiishe. Ruka.' Nikaruka."

"Baba alijua?"

"Mume asijue kichwa cha mkewe?" Alicheka kidogo, meno hayapo. "Alijua. Kila mwaka akamletea mafuta ya nazi kutoka mjini."

Hasira ilinipanda, hasira ya binti wa miaka kumi na sita. "Sasa mbona alininyoa mimi? Kama alikuwa anamngoja, mbona alinipigia magoti? Tungemngoja wote wawili, shangazi! Nisingekuwa peke yangu!"

Shangazi Foibe alilowesha kitambaa, akamfuta mama kwapani, akakikamua, bila haraka. "Nilimuuliza hivyohivyo. Nilimwambia, unamwacha mtoto akuchukie bure, mwambie basi. Akasema, 'Nikimwambia atakaa. Atazeeka hapa njia panda akiangalia mabasi. Mtu mmoja anatosha kungoja.'"

Nililia mle ndani hadi mhudumu akachungulia mlangoni akarudi. Nilimlilia mama, nikamlilia Amini, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kama mtu aliyekufa. Shangazi aliniacha. Baadaye akainua ule msuko kwenye kiganja, mkasi ukiwa kwenye mkono mwingine. "Ukisema nikate, leo ndiyo tumemzika Amini. Ukisema niache, anakwenda nao. Sema wewe." Nilichukua pini kutoka mkononi mwake. Niliukunja ule msuko kama nilivyoukuta, nikaubana, nikamfunga mama kitambaa chake hadi kwenye nyusi.

Tulimzika Mwika, kando ya baba na kando ya ule mgomba uliooza zamani, tukapanda masale. Siku ya kunyoa uani kulijaa. Binamu wa Dar alikuwepo na simu yake, wazee walikuwa kwenye viti, na wote waligeuka nilipotoka jikoni, kwa sababu walikuwa wamekuja kuona kama Haika atapanda darini. Niliketi kwenye kigoda. Shangazi Foibe alikataa kumpa mtu mwingine wembe, ingawa macho yake hayaoni vizuri. Alianzia mbele, polepole, mvi zangu zikaanguka mapajani. Alipofika kisogoni, mkono wake ukasimama. Alisimama tu nyuma yangu, ananingoja, na nilisikia pumzi yake na moshi wa jiko na mtoto wa mtu akilia mbali kwenye migomba. Ningeweza kunyamaza, angeruka, na hakuna ambaye angejua. Nilimkumbuka mama kwenye majivu.

"Usiruke, shangazi," nilisema.

Akanyoa.